Zamu ya Soketi

Kaka yangu alichomoa chaja yangu ukutani ili achaji simu yake. Nalisema hilo mwanzo kabisa, kwa sababu wote walionisikia nikimfokea kesho yake katika ujia wa kiwanda cha watu waliona mwanamke mzima aliyepandwa na wazimu, na hakuna aliyejua kisa.

Mimi ni mpiga picha. Nina studio ya chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule. Napiga picha za pasipoti, mahafali na harusi, na mara mojamoja kampuni ya bima huniita nikapige magari yaliyogongana. Kazi ya magari ndiyo iliyonifundisha kupiga kitu jinsi kilivyo: kwa mbali, kwa karibu, halafu na rula pembeni ili mtu asije akabishia ukubwa wa mkwaruzo. Ndiyo pia iliyomfanya wakili aniambie kwenye simu, "Njoo mwenyewe. Usitume mtu."

Wakili huyo alikuwa wa chama cha wafanyakazi wa huko ng'ambo, alikokwenda mdogo wetu kutafuta maisha. Mdogo wetu ni kitinda mimba, na nyumbani mpaka leo tunamwita Kitinda. Alikuwa na mwaka na miezi minne katika kiwanda cha kufua na kunyoosha mashuka ya mahoteli na hospitali. Pasi ya huko si ya kushika mkononi. Ni rola mbili ndefu za chuma, za moto, zinazolivuta shuka likiwa bichi na kulitoa upande wa pili limenyooka kama karatasi. Mbele ya rola kuna ufito wa chuma. Ukiugusa hata kwa ncha ya kidole, mashine inasimama. Asubuhi moja shuka lilimzonga Kitinda kiganjani, rola zikalivuta, na ufito haukusimamisha kitu. Hospitali walimkata mkono wa kulia juu ya kifundo.

Kampuni ikaandika kwamba mwenyewe aliufunga ufito kwa waya ili amalize kazi haraka. Uzembe wake. Basi, faili likafungwa.

"Zilifungwa zote," Kitinda alituambia kwenye simu, sauti imekauka. "Mashine zote nane. Msimamizi ndiye aliyezifunga, maana zilikuwa zinasimama ovyo na mashuka yanachelewa."

Wakili akahangaika mpaka mahakama ikatoa kibali: siku moja, saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, mpiga picha mmoja na mkalimani mmoja. Kamera moja, namba yake iandikwe kwenye kibali. Simu za wageni ziachwe getini. Wafanyakazi wenyewe hawakuruhusiwa kuingia na simu penye mashine. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa juu ya kamera yangu, na kamera haina maana bila betri.

Nilikuwa na betri nne. Uwanja wa ndege, mzigo wangu wa mkononi ulipoonekana mzito, Kaka, kwa wema wake usioulizwa, alizichukua mbili akazitumbukiza kwenye sanduku kubwa wakati mimi nimekwenda chooni. Betri za aina ile hazisafiri ndani ya sanduku, wanaogopa moto. Wakatuita kuhusu sanduku, wakalifungua, wakazitoa na kuzitupa kwenye pipa mbele ya macho yangu.

"Si zimebaki mbili?" Kaka akasema.

Yeye ndiye aliyejua lugha ya wenyeji wetu, aliwahi kusoma huko miaka miwili, na nilimhitaji.

Tulifika mchana tukapewa chumba chenye vitanda viwili. Tundu za soketi za kule si kama zetu, lakini nilikuwa nimenunua adapta, moja. Nikachomeka chaja, nikaweka betri ya kwanza, kitaa kikawaka, tukaondoka kwenda hospitali.

Kitinda alikuwa ameketi kitandani, kisiki cha mkono kimefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Alitutazama kana kwamba tumechelewa miaka.

"Mnataka kulia, lieni sasa," alisema. "Nesi akirudi sitaki kilio hapa."

Nikalia. Kaka hakulia. Alisimama dirishani, mgongo kwetu, macho kwenye simu, anabonyeza. Saa nzima. Kitinda alimwangalia, akaniangalia mimi, akabetua midomo.

"Huyo kaja kunitazama au kaja kutafuta mtandao?"

"Mwache," nikasema, ingawa hata mimi damu ilikuwa inaanza kunichemka.

Tuliporudi chumbani nikakuta kitaa cha chaja kimezimika na betri ile ile tupu kama tulivyoiacha. Ilinichukua muda kuelewa. Umeme wa chumba uliendeshwa na kadi ya mlango: ukiichomoa ili ufunge mlango, chumba chote kinakufa. Saa nne za chaji zilipotea hivyo. Nikaanza upya. Jioni betri ya kwanza ilikuwa imejaa. Nikaweka ya pili, nikahakikisha kitaa kinawaka, nikamwambia Kaka kwa maneno niliyoyahesabu: "Chaja hii usiiguse." Nikalala.

Asubuhi nikakuta chaja mezani, waya wake umekunjwa vizuri, betri pembeni. Nikadhani Kaka ameona imejaa akaiondoa. Nikatia vyote kwenye mkoba. Nilifika hata kumshukuru.

Kule nje kulikuwa na baridi ya kuuma mifupa, na baridi huila betri kama mchwa. Nikaziweka zote mbili kwapani, ndani ya sweta, njia nzima. Wakili akatuacha getini. Kibali hakikumruhusu kuvuka. Mlinzi akachukua simu zetu, akaichukua kamera, akaigeuzageuza.

"Anataka kuona picha zilizomo," Kaka akatafsiri.

"Za nini? Kibali anacho."

"Anasema ni taratibu."

Mlinzi akanitaka niitie betri, akaiwasha kamera na kuanza kupekua moja baada ya nyingine: maharusi wa watu, watoto wa mahafali, bampa za magari. Kila picha aliitulizia macho. Mara akatokea mwanamume mwenye koti la bluu na kalamu tatu mfukoni, msimamizi mwenyewe, akasimama nyuma yake, naye akatazama. Mlinzi alipofika mwisho, msimamizi akamnong'oneza, akaanza tena mwanzo. Hapo ndipo nilipoelewa. Hawakuwa wanatafuta kitu. Walikuwa wananinyonya betri, na walikuwa wanaila saa yangu.

"Mwambie ninajua anachofanya," nikamwambia Kaka.

"Tusianze vurugu, dada yangu."

"Mwambie!"

Hakumwambia. Tuliingia saa nne kasorobo.

Ndani kulikuwa na joto la mvuke hata kioo cha kamera, kilichotoka kwenye baridi, kikafunikwa na ukungu papo hapo. Nilifuta, kikajaa, nikafuta tena, kikajaa. Nilisimama kama mjinga huku wanawake wa zamu wakiendelea kulisha mashuka, wakinitazama kwa pembe za macho. Kioo kilipokubali, nikaanza: ukumbi mzima, sakafu, mashine ya kwanza, ya pili, ya tatu. Fito zote zilikuwa huru, zimepakwa rangi nyekundu. Nzuri, safi. Msimamizi alitembea hatua mbili nyuma yangu akitabasamu.

Kwenye mashine ya nne niliinama kupiga kwa karibu, na mwanga wa kamera ukaangaza ufito kwa ubavu. Chini ya rangi kulikuwa na mfuo. Mwembamba, umezunguka ufito wote kama alama ya pete kwenye kidole cha mtu aliyeivaa miaka. Waya uliokikata chuma kile ulikaa pale muda mrefu. Nikarudi mbio mashine ya tatu: mfuo, mahali palepale. Ya pili: mfuo. Kama ni Kitinda tu aliyefunga wake, hizi nyingine zilifungwa na nani?

Nilikuwa nimezipiga zote kwa mbele, bila kuuona. Ilibidi nianze upya, kwa ubavu, kwa rula. Nikaweka rula, nikabonyeza, na kamera ikazimika.

Sikubabaika. Nikatoa betri ya pili kwapani, ya moto kama yai, nikaitia, nikawasha. Alama nyekundu ikapepesa mara mbili, giza.

Nikamtazama Kaka. Na Kaka, kabla sijafungua mdomo, akatazama viatu vyake.

Nilimkamata mkono nikamvuta hadi kwenye ujia wa nje ya ukumbi.

"Uliichomoa?"

"Dada, nisikilize..."

"Nimekuuliza! Uliichomoa chaja?"

"Simu ilikuwa inazima. Nilidhani dakika kumi tu, halafu nikapitiwa na usingizi."

"Na adapta iko wapi?"

Adapta ilikuwa hotelini, ukutani, kwenye chaja ya simu yake.

Basi nikamtolea yote. Nilimwambia mambo ya sanduku, ya hospitali, ya kumpa mgongo mgonjwa. Nilimwambia kwamba maisha yake yote kazi yangu ameiona mchezo wa kitoto, kamera yangu kaiona urembo wa shingoni. Nilimwambia kuwa mkono wa mdogo wetu umeliwa na mashine, na ushahidi wake sasa umeliwa na simu yake. "Ulikuwa unaongea na nani cha maana hivyo? Eh? Nani?"

"Mama," akasema.

"Mama alitaka nini?"

"Alitaka kuongea na Kitinda. Mama hajui, dada. Nilimwambia ameteguka tu. Kila siku ananipigia, kila siku namtungia uongo mpya. Mimi ndiye niliyemtafuta wakala aliyempeleka huku. Mimi ndiye niliyemwambia Mama amruhusu mtoto aende. Ningemwambiaje?"

Nilimpiga kwa mkoba begani. Sioni fahari, ila sitaificha. Wiki tatu nzima Mama alikuwa ananiambia Kitinda aache uvivu, mteguko haumlazi mtu hospitali siku zote hizo, na mimi nilidhani ni huzuni inayomsemesha ovyo.

"Nyinyi," sauti ya mwanamke ikasema kwa Kiswahili nyuma yetu, "mnasikika mpaka kwenye makarai ya sabuni."

Alikuwa mrefu kuliko Kaka, amevaa aproni iliyolowa, kilemba cha plastiki kichwani. Kitinda alikuwa amenisimulia habari zake: rafiki yake wa bweni moja, wanamwita Twiga. Hakutusalimia.

"Betri imekwisha?"

"Zote mbili."

"Chaja unayo?"

"Ninayo. Sina adapta."

"Sisi tulikuja na chaja za wapi, dada? Si za kwetu?" Akageuka na kuanza kutembea. "Njoo."

Chumba cha mapumziko kilikuwa na meza ndefu, mabenchi mawili, na soketi moja. Moja, kwa wanawake thelathini. Kwenye soketi hiyo kulikuwa na adapta nyeupe iliyofungwa kwa uzi ili isiachie, na juu yake karatasi yenye sheria, mhuri na saini ya msimamizi. Kaka aliisoma: kila mfanyakazi, wakati wa mapumziko yake, robo saa, kifaa kimoja. Wanawake wanne walikuwa wameketi, simu zimepangwa mezani kwa foleni. Twiga akasema nao kwa lugha ya wenyeji, maneno machache, akataja jina la Kitinda. Aliyekuwa kwenye zamu, mama wa makamo asiyetoka kwetu, alinyanyuka, akachomoa simu yake na kuninyooshea mkono nimpe chaja.

Kitaa kikawaka. Saa nne na nusu.

Robo saa ikapita, Twiga akagusa meza, akasema, "Sasa yangu." Hakuna aliyeondoa kitu. Ilikuwa zamu ya tatu msimamizi alipoingia. Alitazama soketi, akatutazama sisi, tabasamu likamfutika. Akaenda moja kwa moja, akachomoa chaja na kuiweka mezani mbele yake.

"Umeme huu ni wa kampuni, si wa wageni," Kaka akanitafsiria kwa sauti ya chini.

Nilitaka kumrukia yule mtu, Mungu anajua. Lakini Twiga alikuwa ameshasimama, na akisimama Twiga unalazimika kuinua shingo. Akaweka kidole kwenye karatasi ya ukutani, akasema neno mojamoja, polepole, kama anayemsomesha mtoto.

"Anamwambia: 'Hii ni saini yako,'" Kaka alisema. "'Imeandikwa kifaa kimoja. Haikuandikwa kifaa cha nani.'"

Msimamizi akatoa kalamu na kijitabu. Akauliza kitu kwa ukali.

"Anataka majina ya wote waliotoa zamu."

Nilidhani hapo watanywea, na nisingewalaumu. Twiga akataja lake. Yule mama wa makamo akataja lake. Wa tatu, msichana mdogo mwenye chunusi, akataja lake, na msimamizi alipokosea kuliandika, akamsogelea na kumtajia herufi kwa herufi. Watano wote, hata wawili ambao zamu zao zilikuwa bado.

Ndipo Kaka, ambaye mpaka dakika ile alikuwa mdomo wangu tu, akavuka chumba, akaichukua chaja mezani mbele ya msimamizi na kuichomeka tena. Akasema kwa lugha yao sentensi ndefu, mishipa ya shingo imemtoka. Sikumwomba anitafsirie. Nilisikia neno la mahakama, nikasikia neno la mkono, mawili niliyokuwa nimeyashika tangu kesi ianze, na nikamwona msimamizi akirudi nyuma hadi akagonga benchi. Kaka akaegemea ukuta, mgongo wake mbele ya soketi, na hakutoka hapo mpaka saa tano na nusu.

Nilikuwa na nusu saa na betri isiyofika nusu. Nilizima kioo cha nyuma cha kamera ili kisile chaji, nikapiga kwa kuchungulia tu, kama nilivyofundishwa zamani. Kila mashine picha tatu, si zaidi. Rula kwa ubavu. Mfuo, mfuo, mfuo. Mashine ya sita, ya Kitinda, haikuwa na mfuo wowote; ufito wake ulikuwa mpya kabisa na skrubu zinang'aa, wakati skrubu za wenzake zimeota kutu. Kwenye ya saba, nyuma kabisa ambako mvuke ni mwingi na mtu hapendi kuweka uso, kipande cha waya kilikuwa bado kimezunguka ufito, kimepakwa rangi nyekundu juu kwa juu. Walikuwa wamekisahau. Hicho nilikipiga mara saba.

Kamera ilizimika dakika nne kabla ya saa sita. Sikuhitaji zile nne.

Tuliporudi nyumbani nilimwambia Kaka ataongea mwenyewe na Mama, na mimi nitakaa pembeni. Alipiga magoti akamweleza tangu wakala hadi hospitali. Mama hakupaza sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwuliza, "Umemaliza?" kisha akaingia chumbani na kufunga mlango, na kwa siku tisa hakusema naye. Hata na mimi hakusema siku mbili, kwa kuwa sikuwa na akili ya kushtuka kwamba hajui.

Barua ya wakili ikaja baada ya miezi mitano. Kampuni iliondoa neno uzembe, ikakubali kwamba fito zote zilifungwa kwa amri, na kwamba Kitinda atalipwa fidia. Wakili alifurahi sana. Mimi nilidhani barua ile ingenipoza, lakini mstari wa mwisho wa salamu zake ulisema kwamba Twiga na yule msichana mwenye chunusi hawakuongezewa mikataba. Msimamizi alikuwa amehamishwa tawi. Amehamishwa tu. Nilimpigia Twiga nikimwomba radhi, akanikatisha: "Dada, radhi za nini? Lile jina nilitaja mwenyewe." Wakili akafungua faili jingine, la wao wawili, nami nikaandika ushahidi wangu kurasa sita na kuutuma.

Kitinda alirudi mwanzoni mwa mwaka. Tulikwenda naye benki kufungua akaunti ya kupokelea fidia. Karani, kijana nadhifu, alimsukumia fomu na kibao cha wino bila kuinua macho.

"Dole gumba la kulia, hapo chini."

"Sina," Kitinda akasema.

"Hukuja nalo?" Alisema hivyo hivyo, kwa mazoea, huku anaandika.

Nilikuwa nimeshanyanyuka kitini, ulimi uko tayari. Kitinda akanibonyeza bega kwa mkono wa kushoto, nikakaa. Akaweka kisiki chake juu ya meza ya karani, katikati ya fomu, akangoja mpaka kijana akainua uso.

"Sasa niitie meneja wako," akasema, "na wewe usiondoke. Nataka usikie ninavyomwambia."

Alisema kwa sauti iliyofanya foleni nzima igeuke. Meneja akaja mbio, na Kitinda akampa vidonge vyake taratibu, neno baada ya neno, hakutukana, hakulia, na mimi sikuongeza hata moja.